Chupa ya Uji Iliyorudi Tupu

Nilikunywa uji wa babu yangu. Si kikombe kimoja cha bahati mbaya. Chupa nzima ya chai, ile ya maua mekundu, siku tatu mfululizo, nimekaa pembeni ya kitanda chake cha hospitali na yeye ananitazama. Ulikuwa uji wa ulezi wenye maziwa na ndimu kidogo. Nimeamua kusema yote, na sehemu ya hayo yote ni kwamba uji ulikuwa mtamu na nililamba mpaka kifuniko.

Kabla hujanihukumu, ngoja nikueleze habari za hiyo chupa.

Kwetu milimani simu haiaminiwi kwa habari za mgonjwa. Mtu akifa hospitalini, ndugu anayepiga simu husema, "Kazidiwa kidogo, njooni." Unafika unakuta turubai limeshafungwa na watu wanapasua kuni. Kwa hiyo ukiambiwa kwenye simu kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, bado hujaambiwa kitu. Bibi yangu alishaachana na simu. Yeye anaiuliza chupa. Anapika uji alfajiri, anaujaza, anampa kijana wa pikapu ya maziwa anayeshuka kila asubuhi, na mchana pikapu ikipanda anaipokea chupa barazani. Hamsalimii kijana kwanza. Anaitikisa chupa sikioni. Ikiwa nyepesi, mgonjwa amekula, yupo. Zamani mdogo wake babu alipolazwa, chupa ilirudi nzito siku mbili, na siku ya tatu likarudi jeneza. Tangu hapo hakuna daktari anayeweza kubishana na ile chupa.

Babu alianguka kwenye bustani yake ya karoti, kijijini kwetu juu ya Soni, asubuhi moja ya mwezi wa sita. Nilikuwa likizo, kidato cha tatu, nimetumwa nikamsaidie kung'oa na nimekaa juu ya ndoo nimsaidie kwa maneno. Mkono wake wa kulia ukaachia karoti. Mdomo ukaenda upande. Akanigeukia akasema kitu kama mtu mwenye kiazi cha moto kinywani, na mimi nikapiga makofi. Nilidhani anamwigiza mwinjilisti wetu, maana hilo alikuwa akilifanya kila Jumatatu. Mimi na babu ni watani. Ananiita mume mwenza, kwa sababu kwa utani wetu bibi ni mke wangu pia, na tangu nianze kusema tumekuwa tukimgombania huyo mke. Nilipoona hainuki ndipo nikaacha kupiga makofi.

Wazee walisema ni upepo, umempiga akiwa ameinama. Wakamfukiza, wakamkanda. Tukafika hospitali kesho yake. Daktari, kijana mwembamba mwenye sauti ya chini, akauliza lilianza saa ngapi. Mama akasema, "Jana asubuhi." Daktari akaiweka kalamu mezani akaitazama kidogo, kisha akaichukua tena.

"Ni kiharusi," akasema. "Nani atakaa naye?"

Wote wakanitazama mimi. Baba yangu anaendesha lori la watu, wakati huo alikuwa mbali kusini, na gari si lake hata aligeuze. Bibi miguu yake haimruhusu kushuka mlima. Na mama ni mkwe. Kwetu mkwe hamwogeshi baba mkwe wala hamgeuzi kitandani. Hata chumba chake hukipitia kwa mbali. Ilikuwa wodi ya wanaume. Nikapewa kadi moja ya ndugu wa mgonjwa, na mlinzi wa getini akanieleza sheria yake: ukitoka kabla hajaja mtu wa kuipokea kadi yako, hurudi. Mama alikuwa na bibi, ng'ombe na karoti zilizokwisha kung'olewa. Angekuja jioni moja na kuruka nyingine. Yaani nilikuwa ndani.

Wodi ile dirisha lake linatazama ukuta wa mlima. Si mlima wa kwenye picha, ni ukuta, udongo mwekundu na majani, hatua kumi kutoka kwenye kioo. Ukungu ukishuka, hata huo ukuta unafutika, unabaki na vitanda kumi na vinne na harufu ya dawa ya kudekia. Kona yetu ilikuwa ya wenye kiharusi, vitanda vinne. Kuanzia siku ya kwanza nikaona kwamba wale wengine wodini wanaugua, lakini hawa wa kona yetu wamefungiwa. Babu alikuwa mle ndani ya mwili wake, mzima kabisa na anasikia kila kitu. Kilichotoka nje ni neno moja tu.

"Haya."

Nikimwambia nataka kukugeuza: haya. Nikimuuliza panauma: haya. Nikimwambia mke wetu anakusalimu: haya, lakini kwa sauti nyingine. Ndani ya siku moja nikajua kuzipambanua haya zake tano au sita, na moja ilikuwa tusi.

Nesi wa zamu ya mchana, mama mmoja mnene asiyecheka bure, alimpa babu kijiko cha maji mbele yangu. Babu akakohoa mpaka macho yakawa mekundu. Nesi akaweka kijiko chini.

"Umeona? Koo halijui tena njia mbili. Ukimpa uji unaingia mapafuni. Atalishwa kwa mpira wa puani, na atakayemlisha ni sisi. Wewe kazi yako kumgeuza kila baada ya saa mbili na kuhakikisha hakuna mtu anamtia kitu mdomoni. Hakuna mtu."

"Kibao je, sista? Tuandike kibao tuning'inize hapa."

"Wewe ndiye kibao," akasema.

Nikasimama wima nikanyoosha mikono kama kibao cha barabarani. Mzee wa kitanda cha pili akacheka. Nesi hakucheka.

Jioni ile daktari alisimama na mama mlangoni, na mimi nikajifanya nakunja shuka. Nilimsikia akisema kwamba wagonjwa wa namna hii wengi wanaopotea hapa hupotea ndani ya wiki ya kwanza, na mara nyingi si kichwa kinachowamaliza, ni kifua. "Nikivuka naye siku saba nitapumua," akasema. "Kwa sasa sipumui."

Nikachukua daftari langu la jiografia, ukurasa wa mwisho, nikachora msimamo wa ligi. Timu mbili: Babu na Siku. Nikaandika Babu moja, Siku bila. Nikamwonyesha.

"Haya," akasema, kwa ile ya tusi.

Siku ya pili chupa ikaja na pikapu ya maziwa. Nesi hakuuhitaji ule uji, walikuwa na wao, mwepesi, wa kuchuja. Nikairudisha chupa ilivyo. Sikufikiria. Saa nane mchana simu ikalia, ni mama, ananong'ona.

"Umefanya nini wewe mtoto? Bibi yako katikisa chupa kakaa chini. Kafungua kilemba. Majirani wameshaleta kuni, jirani wa juu kaleta turubai. Mwinjilisti yuko njiani."

"Mwambie babu yupo, mama. Kanitukana sasa hivi."

"Nimemwambia. Anasema hayo ni maneno ya simu."

"Mweleze habari za mpira wa puani."

"Nimemweleza. Anasema mpira ni wa dawa, uji hupita mdomoni."

Nikacheka. Kona yote ikacheka nilipowasimulia: turubai limefika na marehemu yuko hapa anatukana. Hata babu upande mmoja wa uso ukacheka. Lakini jioni ile ile mzee wa kitanda cha nne, dereva mstaafu aliyekuja siku moja nyuma yetu, alianza kukoroma kwa namna ambayo si ya usingizi, wakavuta pazia, na walipolifungua kitanda kilikuwa kimetandikwa upya. Nikaona chupa imelala chini ya kitanda chetu, kwenye mawazo yangu, maana yenyewe ilikuwa nyumbani, nikasema hapana. Bibi hatakaa chini tena kwa ajili yangu.

Ndivyo nilivyokunywa uji wa siku ya tatu. Niliumimina mbele ya babu, nikanyanyua kikombe. "Mume mwenza, mke wetu katuletea. Nakunywa kwa niaba yako." Akanitazama mpaka kikombe kikaisha.

"Haya," akasema. Hiyo sikuijua.

Mchana mama akapiga simu, sauti imelegea. Bibi kafunga kilemba. Bibi kawarudishia watu kuni zao. Bibi kaimba. "Wanampitishia kwenye mpira?" akauliza mama, na mimi nikasema ndiyo, wanauchuja, wanampitishia. Ilitoka kirahisi. Siku ya nne uji ukaja mzito zaidi, una karanga. Siku ya tano ukaja umejaa mpaka shingoni. Nilikunywa nikaanza kunenepa hospitalini, kitu ambacho nadhani ni mimi peke yangu niliyewahi kukifanya. Kwenye daftari: Babu tano, Siku bila. Daktari alikuwa ameanza kusema "tutaona" badala ya kunyamaza.

Asubuhi hiyo ya tano babu aliuchomoa mpira wa puani kwa mkono wake mzima. Wagonjwa wengi huuchomoa. Nesi akasema watamrudishia baada ya daktari kupita. Kwa hiyo uso wake ukawa hauna kitu, msafi, na kwa mtu asiyejua alionekana amepona nusu.

Saa sita nikaenda bombani kufua shuka. Bomba liko nyuma ya wodi, ndugu wa wagonjwa wote hukutana pale, na mimi nilikuwa na hadhira. Wakaniomba niwaigizie daktari anavyoweka kalamu mezani. Nikawaigizia. Wakaniomba mlinzi. Nikawaigizia mlinzi na kadi zake. Shuka lilikuwa limekwisha kukamuliwa siku nyingi na mimi bado niko pale.

Niliporudi, saa ya kutazama wagonjwa ilikuwa imefunguliwa na shangazi yangu alikuwa ameketi mahali pangu. Dada mkubwa wa baba, ameolewa Mazinde kule chini kwenye joto, na kama watu wote wa Mazinde wakipanda huku alikuwa amevaa sweta mbili. Alikuwa amelala kwa bibi usiku uliotangulia. Mkononi kijiko, magotini bakuli la uji aliotoka nao kwa bibi, na babu anakohoa, uji umetapakaa kidevuni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hebu njoo, mbona anakohoa hivi? Nimempa vijiko vingapi, sita, saba. Wewe huwa unamlishaje?"

Nilikuwa na ndoo mkononi. Sikuiweka chini.

"Bibi yako kaniambia anamaliza chupa nzima," shangazi akasema. "Kila siku nzima. Nikasema acha na mimi nimlishe baba yangu kwa mkono wangu."

Nesi alifika mbio na mashine ya kunyonya makohozi. Alifanya kazi muda mrefu, babu anavuta pumzi kama mtu anayevuta gogo. Alipomaliza akamgeukia shangazi, mbele ya wodi nzima.

"Nani kakuambia huyu anakula?"

"Mama yangu, sista."

"Mama yako yuko hapa? Anamwona? Mtu mzima hivi, unakuja unamtia mgonjwa uji mdomoni bila kuuliza. Unataka kumuua baba yako?"

Shangazi akatazama kijiko. Kisha akanitazama mimi, si kwa kushtaki, kwa kuomba tu nimsemee neno. Nesi naye akanitazama. Na mimi, mdomo wangu unaosema tangu asubuhi mpaka usiku, ambao walimu wawili wamewahi kuuwekea adhabu yake peke yake, haukufunguka. Nilitazama dirisha. Ukungu ulikuwa umeufuta ukuta.

Shangazi alifunga bakuli ndani ya kitenge, akateremka Mazinde siku hiyo hiyo.

Siku ya sita joto lilipanda. Daktari akaweka sikio la mpira kifuani, upande wa kulia, akaliacha pale muda mrefu. "Nimonia," akasema. Wakaanza sindano. Chupa ikaja, na sikuweza kumeza hata tone. Lakini nisingeirudisha nzito pia. Nikaenda nayo nyuma ya bomba nikaumwaga kwenye mtaro, kuku wa mlinzi wakaja kuula. Siku ya saba vivyo hivyo. Nyumbani bibi alikuwa anaitikisa chupa na kuimba, na huku mwanamume wake anapumua kwa mabega. Kila nilichoweza kusema kingemtoa shangazi kwenye shimo na kuniingiza mimi, na bibi naye. Nikamgeuza babu kila baada ya saa mbili. Sasa nilikuwa mtiifu kuliko nesi mwenyewe.

Mchana wa siku ya saba niliinama kwenye sikio lake. Nikamwambia kwamba uji alioletewa nilikunywa mimi, bibi akaamini, shangazi akaamini, na mimi nikanyamaza. Nilisema haraka, bila mbwembwe.

"Haya," akasema.

Nimezigeuza haya zake zote kichwani tangu siku ile na sijui ilikuwa ipi.

Kwenye daftari niliandika Babu saba, Siku bila. Siku saba zilivukwa, kama daktari alivyotaka. Babu alifariki asubuhi ya siku ya nane, saa nne, wakati nesi anabadilisha chupa ya dripu na mimi nimemshika mkono mzima. Hakukoroma. Aliacha tu kuvuta lile gogo.

Simu ya mama ikawa haipatikani, alikuwa shambani mahali pasipo na mtandao. Pikapu ya maziwa ilikuwa imeshaleta chupa. Ilikaa juu ya kabati la chuma, na pikapu ingepanda saa sita. Nikajua nikiituma ilivyo, bibi atajua kabla ya mtu yeyote, peke yake barazani. Nikajua pia nikiimwaga, atapata saa moja nyingine ya kuimba, na itakuwa saa ya uongo, kama zile nyingine. Niliifungua. Moshi wa uji ukatoka. Niliifunga. Nikampelekea kijana wa pikapu mpaka getini, nikampa mlinzi kadi yangu na sikuhitaji kurudishiwa.

"Nzito leo," kijana akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Mpe mkononi. Usimwachie mtoto."

Aliniambia baadaye kwamba bibi hakuitikisa. Aliipokea tu, akasimama nayo, kisha akamwomba amsaidie kukaa.

Msibani shangazi alikaa nyuma ya jiko, na hakula. Wanawake waliokuwa wanachambua mchele walikuwa na maneno yao: kapaliwa na uji wa binti yake, na mgonjwa alikuwa anakula vizuri, chupa nzima kila siku. Bibi alikuwa akiyasikia. Hakumtukana shangazi, ila hakumwita jina wala mwanangu, na shangazi alipomletea maji ya kunawa alimnyooshea mikono mtu mwingine. Mimi nilibeba viti. Nilibeba viti ambavyo hakuna mtu aliyeviomba, kutoka huku kwenda kule na kurudi. Vijana wenzangu wakaniomba niwaigizie mwinjilisti, kidogo tu, huku nyuma. Nikasema sina koo.

Shangazi alirudi Mazinde asubuhi ya siku ya nne baada ya mazishi, bila kuaga.

Mchana huo mama alikuwa ameketi mlangoni anachagua mbegu za maharage, nzuri kwenye ungo, mbovu kwenye kopo. Chupa ya maua mekundu ilikuwa imesafishwa, imepinduliwa juu ya jiwe ikauke. Nilikaa chini mbele yake nikamwambia. Nikaanza na turubai, maana hapo ndipo panapochekesha, na hakucheka, nikaendelea. Uji wa siku ya tatu, wa nne, wa tano. Mpira niliosema wanampitishia uji. Bomba. Kijiko. Jinsi nilivyotazama dirisha. Mama hakuniangalia wala mikono yake haikusimama. Nilipofika mwisho alikuwa ameshika harage moja kwa muda mrefu, analigeuza, kama ameshindwa kujua ni la upande gani. Mwishowe akalirudisha kwenye gunia.

Nilitegemea kofi. Ningelipokea kwa furaha, maana kofi huisha.

Mama akaichukua chupa pale kwenye jiwe, akaifuta ndani kwa ncha ya khanga, akaniwekea magotini. Akasema:

"Bibi yako utamwambia leo, akiwa jikoni, kabla hajachota maji. Akitaka kumpikia shangazi yako uji baada ya hapo, atapika. Kesho utashuka Mazinde na hii chupa. Shangazi yako utamwambia kwanza, ndipo umimine. Na irudi na atakachobakiza yeye. Usimwage, usinywe."